Vijana wa dawati la habari, maiki mpelekee mwenyewe

Wiki hii nimekaa na vijana wapya chumba cha kuhariri, stori inaanza na kinanda cha huzuni, kamera inapanda polepole kutoka kwenye magongo, halafu sauti: "licha ya ulemavu wake..." Jamani! Dada wa watu anauza spea za boda, anajua kuliko sisi sote kwa nini bei imepanda, mbona hamkumuuliza bei?

1. Uliza kilichokupeleka. Hii mimi niliilipia. Mama mmoja wa kiti cha magurudumu alitupigia simu, soko lao limejengwa upya, limekuwa ghorofa, njia ya mteremko hakuna, na vibanda vimegawiwa kwa kura chake kikaangukia juu. Stori tamu, ina hela ya umma, ina wakubwa wa kubanwa. Mi nikafika nikamuuliza ulemavu aliupataje, nani anampikia, baba wa watoto yuko wapi, halafu nikamwomba apande ngazi kwa mikono kamera ipate, na akapanda, maana alidhani ndo tatizo litaonekana. Ikaruka usiku na muziki wa kulia. Watu wakatuma mobail mani, mwingine akaacha sabuni na unga wa posho mapokezi, edita akanipiga bega. Mkandarasi hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Asubuhi mama akapiga: "Mwanangu, nilikuita uone ngazi, wewe ukapiga picha miguu yangu." Nikaanza kumweleza habari ya michango, akakata. Nilipopita sokoni baadaye nikakuta wenzake wanamwita "mama sabuni", ngazi ni zilezile, na kibanda ameshampangisha mtu mwingine kwa bei ya kutupa.

2. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 ya hapa kwetu Uganda isome kabla hujatoka ofisini, sio ukirudi.

3. Ukimhoji kiziwi mwangalie yeye, sio mkalimani. Lugha ya alama imo kwenye Katiba yetu tangu 1995, mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia Bungeni, na mpaka leo kuna ripota anamgeukia mkalimani, "muulize anajisikiaje". Kwanza hilo swali lenyewe la kivivu.

4. Michezo ni michezo. Mkimbiaji wetu David Emong alileta medali ya fedha ya mita 1500 kutoka Paralimpiki ya Rio 2016, sasa mtu wa hivyo unamwandikia aya nne za masikitiko ndo unakumbuka kwamba alikimbia? Nani alivuta kasi, mzunguko wa mwisho ulikwendaje, kocha anasemaje. Mkimbiaji Joshua Cheptegei mbona mnamwandika hivyo bila kusukumwa.

5. Wabunge wa watu wenye ulemavu wapo 5, wapigieni hata wakati wa bajeti, sio Desemba 3 tu, siku ya watu wenye ulemavu duniani.

6. Kamera ishuke usawa wa macho ya anayeongea. Kameramani atalalamika magoti, mwacheni alalamike, akimaliza mwambieni ashuke tena.