Kuongeza Diski Kwenye Kompyuta ya Mezani ya Zamani: Hesabu Kabla Hujanunua

Fungua kasha la kompyuta kabla hujafungua pochi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma kitupu cha kasha. Ukishafungua, tafuta vitu vitatu: matundu ya SATA (yale ya kuchomekea kebo ya data ya diski) yaliyo wazi kwenye ubao mama, plagi za umeme zilizobaki kutoka kwenye pawa saplai, na mahali pa kufungia diski. Kimoja kikikosekana bado kuna njia, lakini ni vizuri kujua mapema.

Mashine nyingi za zamani zina matundu 2 hadi 6 ya SATA, na moja huwa limeshikwa na kisomeo cha DVD ambacho hakuna anayekitumia tena. Kichomoe, umepata tundu, plagi na nafasi kwa mpigo mmoja. SATA ya kizazi cha kwanza hupitisha megabaiti 150 kwa sekunde, ya pili 300, ya tatu 600. Diski ya kuzunguka kwa kawaida haifiki 300, kwa hiyo SATA ya pili haitaipunguzia chochote. Ukiwa na SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ipe tundu lenye kasi kuliko yote na diski za kuzunguka zibaki kwenye yale mengine.

Bodi za mwanzo kabisa za SATA, hasa zenye chipu ya VIA VT8237, zina mtego wake: ukichomeka diski ya kizazi cha pili au cha tatu cha SATA, BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows) haiioni kabisa. Diski haijafa. Kama ina pini ndogo za jampa (kibanio kidogo cha kuunganisha pini mbili) kando ya tundu la data, jampa iliyowekwa kama lebo inavyoelekeza huweza kuilazimisha kushuka hadi kasi ya SATA ya kwanza. Kama haina pini hizo, tumia kadi ya kuongeza matundu ya SATA inayoingia kwenye nafasi za bodi yako.

Kadi ya SATA huhitajika pia pale matundu yanapoisha, na kwa kawaida ni ya PCI Express, aina ya nafasi za kadi kwenye ubao mama. Zenye chipu ya ASM1061 huongeza matundu mawili kwenye nafasi fupi ya x1. Kwenye bodi ya kizazi cha kwanza cha PCI Express, nafasi hiyo hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde, na diski zote za kadi hugawana. Zinatosha kuhifadhia picha na video. Diski yenye mfumo endeshi iache kwenye ubao mama, kwa kuwa BIOS nyingi za zamani hukataa kuwaka kupitia kadi.

Umeme ndio unaoharibu kazi za watu. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 24 hivi. Ikishashika mwendo hushuka hadi kati ya wati 5 na 10. Diski tatu zikiamka pamoja, ni zaidi ya wati 70 kwa sekunde chache. Kwa hiyo kwenye lebo ya pawa saplai soma ampea za 12V, usiridhike na jumla ya wati. Ikizidiwa, utasikia diski ikianza kuzunguka na kukata, au mashine itajizima na kuwaka upya.

Plagi zikipungua, watu hununua adapta ya kutoka Molex (plagi ya umeme ya zamani ya pini nne) kwenda SATA. Geuza adapta uangalie nyuma ya plagi ya SATA. Zile ambazo plastiki imemwagwa juu ya nyaya zikawa bonge moja huweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kuwaka moto. Chukua yenye kifuniko na nyaya zilizobanwa moja moja. Na kama pawa saplai ina kebo za kuchomoa, usitumie kebo ya pawa saplai nyingine hata kama inaingia vizuri: mpangilio wa pini hutofautiana, na diski inaweza kuungua papo hapo.

Diski za inchi 3.5 hutumia skrubu za 6-32, za inchi 2.5 hutumia M3. Usilazimishe. Diski nyingi kubwa za siku hizi hazina matundu ya skrubu ya katikati, kwa hiyo huenda trei ya zamani ikashika ncha moja tu. SSD haina kinachozunguka, hata tepu ya gundi ya pande mbili inaitosha. Acha nafasi kati ya diski na elekeza feni ya mbele kwao. Joto likivuka nyuzi 50, ongeza upepo.

Ukiwasha, ingia BIOS uthibitishe diski inaonekana, kisha angalia mpangilio wa kuwaka, maana diski mpya wakati mwingine hujipanga ya kwanza. Humo BIOS kuna chaguo la namna ya kuwasiliana na diski, IDE ya zamani au AHCI mpya: usibadilishe IDE kuwa AHCI kama Windows imeshawekwa bila kuandaa draiva. Utakutana na skrini ya buluu yenye 0x0000007B. Ukirudisha IDE, itawaka.

Kwenye Windows fungua diskmgmt.msc, chombo cha kusimamia diski. Kitakuuliza mtindo wa kuigawa diski: diski inayozidi terabaiti 2 chagua GPT, kwani MBR, mtindo wa zamani, huishia hapo. Windows 7 husoma diski ya data ya GPT hata kwenye BIOS ya zamani. Windows XP ya biti 32 haiwezi. Kabla ya kufomati, linganisha ukubwa wa diski mara mbili: terabaiti 1 huonyeshwa kama gigabaiti 931, hujaibiwa.

Kama diski si mpya, ikague kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, kabla hujaiamini. Kwenye orodha yake tafuta mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu mbovu za diski: safu ya Raw Values ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka, diski inaoza. C7 ni habari nyingine: mara nyingi huhesabu makosa ya kebo ya data. Hairudi nyuma hata ukirekebisha, kwa hiyo iandike mahali, badilisha kebo, nakili faili kubwa, uiangalie tena. Ikiendelea kupanda, hamishia diski kwenye tundu jingine la ubao mama.