Shangazi Anajibu: Timu yangu inaburuta mkia na nyumbani hatusemezani

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni shabiki wa raga ya wachezaji 13, ile ya ligi, na timu yangu nimeifuata tangu utotoni. Msimu huu tumeshinda mechi moja tu na tunaburuta mkia. Nikitoka uwanjani sisemi na mtu hadi kesho yake, na mke wangu amechoka nami. Binti yangu wa miaka 12, ambaye huenda nami kila mechi ya nyumbani, juzi kaniuliza, "Baba, lazima twende?" Nikamfokea. Kabla ya hapo nilimwandikia namba saba wetu maneno makali mtandaoni kwa kuangusha mpira dakika za mwisho. Ni kijana wa miaka 19. Kaka yangu kahamia timu inayoongoza ligi, ananicheka na kunishawishi nimfuate. Niachane na timu hii, au niendelee kuumia? — Aliyechoka Jukwaani*

Marahaba, mwanangu. Hilo swali ulilolitia mwishoni ndilo jepesi kuliko yote uliyoandika. Kubaki na timu au kuiacha ni hiari yako, na hakuna mwenye haki ya kukulaumu kwa lolote utakaloamua. Mimi barua yako imenishika pale kwa binti.

Sidhani kama alikuuliza vile kwa sababu timu inafungwa. Watoto huusahau upesi mchezo ulioisha vibaya. Anachokikimbia, nionavyo mimi, ni safari ya kurudi nyumbani: baba kanuna, yeye kajikunyata pembeni akichunga asiseme neno litakaloongeza hasira. Kwako mechi ni dakika 80. Kwake haiishi mpaka uanze kusema tena, na wewe mwenyewe umesema hiyo ni kesho yake. Mtoto gani angetamani kwenda?

Mwombe radhi. Usimwambie "nilikuwa na hasira za mechi", maana hapo umeshaanza kujitetea. Mwambie ulikosea kumfokea, ukomee hapo. Halafu mwachie achague. Akisema wiki hii haendi, nenda peke yako na urudi ukiwa na uso wa kuzungumza na watu. Akikubali kwenda, mtafutie cha kutazama mbali na ubao wa matokeo. Wewe unaujua mchezo huu tangu utoto, na hiyo ni elimu ambayo bado hujampa.

Mfundishe kuhesabu. Timu yenye mpira hukabwa mara sita kisha huuachia, basi mhesabu pamoja ni mara ngapi yenu imefika hadi mwisho wa zile sita bila kuuangusha. Mtaanza kuona vipigo vinatoka wapi. Timu inayoangusha mpira mapema huwapa wapinzani zamu nyingine nzima ya kushambulia. Na kukaba katika raga hii kunamaliza miguu: kila mbeba mpira anapoangushwa, wanaolinda hurudi nyuma mita 10 na kukimbilia mbele tena. Wakifanya hivyo zamu tatu nne mfululizo bila kupumzika, mikono huanza kulegea, na mpira wao wenyewe ukirudi wanauangusha tena. Ndiyo maana mkosi wa timu hurefuka. Mara nyingi unachokiona uwanjani si uvivu, ni uchovu uliozaa makosa yaliyozaa uchovu zaidi. Binti akishalielewa hilo ataona mambo ambayo watu wengi waliomzunguka jukwaani hawayaoni: beki aliyemzuia mtu kugusa mpira chini kwa trai, yaani kufunga pointi kwa kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa lango, huku timu iko nyuma pointi 30, au mchezaji aliyekimbia kuwasaidia wenzake ilhali mechi imeshapotea. Timu ikiwa mkiani, watu wa namna hiyo ndio wa kutazamwa.

Sasa huyo namba saba. Hapa sitakubembeleza.

Namba saba ndiye anayeongoza mashambulizi na kupiga mateke mengi ya timu, kwa hiyo kosa lake huonekana na kila mtu. Klabu ikimpa kijana wa miaka 19 jezi hiyo katikati ya msimu mbaya, mara nyingi ni kwa sababu wakubwa wake wameumia au klabu haina mwingine. Amebebeshwa mzigo ambao hata mkongwe ungemwelemea. Siku ile aliingia chumba cha kubadilishia nguo akijua alichokifanya, akakabiliana na wenzake na kocha, kisha akafungua simu na kukukuta wewe, mtu mzima mwenye mtoto, ukimwandikia maneno ambayo usingethubutu kumwambia uso kwa uso. Futa maneno hayo leo. Kama kuna njia ya kumfikia, mwandikie mistari miwili ya kumwomba radhi, usimwelezee jinsi ulivyoumia. Asipojibu, hana deni kwako.

Sisemi shabiki afunge mdomo. Wapo watu katika klabu wanaostahili kuulizwa maswali magumu: wenye mali, wakurugenzi, wanaosajili wachezaji na kuajiri makocha. Waulize kwenye mikutano, waandikieni barua nyinyi mashabiki mkiwa pamoja. Hao ndio wenye mamlaka ya kubadilisha mambo, na hao ndio mashabiki husahau kuwakabili kwa sababu ni rahisi zaidi kumzomea aliyeko uwanjani.

Na mashabiki wana nguvu kuliko unavyodhani. South Sydney ya Australia ilitolewa katika ligi mwishoni mwa 1999, ligi ilipopunguza idadi ya timu. Mashabiki wake hawakuhamia kwingine. Maelfu kwa maelfu waliandamana katika mitaa ya Sydney, klabu ikapigana mahakamani, na mwaka 2002 ikarudishwa ligini. Unajua walichorudia? Vipigo! Mwaka 2003 walishika mkia, mwaka 2004 wakashika mkia tena, na 2006 vilevile. Watu walikuwa wamepigania barabarani haki ya kuitazama timu yao ikifungwa. Ubingwa ulikuja 2014, wa kwanza tangu 1971. Kombe limeandikwa kwenye kumbukumbu zao, lakini mimi ninachokistahi zaidi ni zile Jumapili za 2003, walipokaa jukwaani na timu iko mwisho wa jedwali, wakijua walikotoka.

Hull KR ya Uingereza nayo ilishuka daraja 2016 kwa mechi moja iliyoamuliwa katika muda wa nyongeza. Ikapanda, kisha 2020 ikamaliza ya mwisho, na isingebaki kama janga la korona lisingefanya kushuka daraja kusitishwe mwaka huo. Mwaka 2025 ikachukua Challenge Cup, lile kombe la mtoano, ikaongoza ligi, na ikashinda fainali kuu inayoamua bingwa, baada ya miaka 40 bila taji kubwa. Haya hutokea katika mchezo wenu kwa sababu moja zaidi: ligi kubwa za raga hii huweka kikomo cha mishahara, hivyo tajiri hawezi kununua kila mchezaji mzuri, na timu ya mwisho si lazima ibaki ya mwisho.

Lakini sikupi mifano hii ili nikuahidi kombe, mwanangu. Cronulla, klabu nyingine ya Australia, waliingia ligi ya Sydney 1967 na hawakupata ubingwa hadi 2016. Fikiria mashabiki wao waliokuwa watu wazima siku ile ya kwanza. Wengi hawakuiona siku ya ubingwa. Ukibaki kwa matumaini ya kulipwa kombe, huenda usilipwe kamwe, na hasira itakutafuna. Ukibaki, ubaki kwa kile unachokipata leo: watu unaokaa nao, wimbo mnaouimba, saa chache na binti yako. Ikiwa hayo nayo yamekwisha, kaa nyumbani kwa muda. Timu itacheza bila wewe, na utajua mwenyewe kama unaikosa. Kupumzika mechi kadhaa si usaliti. Wapo mashabiki watakaokwambia vinginevyo, wengi wao wakiwa watu wasio na mtu anayewasubiri nyumbani.

Mkeo sikumweka nyuma kwa kumdharau. Amekuwa akiishi na kimya chako msimu mzima, na bila shaka anajua ratiba ya mechi zenu kuliko anavyopenda. Muulize jambo moja tu: ni nini hasa kinachomuumiza ukirudi? Usijibu papo hapo. Msikilize mpaka amalize. Kisha mpatane muda wa kuumia, maana kuumia utaumia, mimi siwezi kukuzuia. Labda nusu saa ya kutembea peke yako kabla ya kuingia ndani, ukizunguka mtaa na hasira zako. Ukishafungua mlango, mechi ibaki nje. Mara ya kwanza utashindwa. Mwambie mapema kwamba unajaribu, ili akuvumilie hizo siku za mwanzo.

Kaka yako mwache ashangilie timu yake mpya, kila mtu ana sababu zake. Akikucheka, cheka naye, halafu mwulize anamjua nani katika hilo jukwaa jipya. Na timu yake ikianza kufungwa, ambayo ni lazima siku moja ifungwe, usimpigie simu kumrudishia kejeli. Mpigie umuulize kama anataka kuja kukaa nanyi, kama binti yako atakuwa bado anahesabu.