Maswali ya Wasomaji: Mafunjo yakifyekwa, samaki wanakwenda wapi?

SWALI: Tulifyeka mafunjo bondeni karibu na ziwa, tukachimba mifereji na kupanda magimbi. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri mno. Sasa magimbi yamedumaa, na wavuvi wanasema samaki wadogo wamepungua ukingoni. Je, mafunjo yanaweza kurudi? — Msomaji, Masaka

JIBU: Yanaweza, ndugu msomaji, lakini rudisheni maji kwanza.

Mafunjo hukua upesi hadi mita 4 au 5. Yakifa huangukia kwenye maji yasiyo na hewa, kwa hiyo hayaozi vizuri. Hujilundika miaka mingi yakawa mboji nyeusi. Mfereji ulipoyaondoa maji, hewa iliingia, mboji ikaoza kwa kasi na kuachia rutuba yake. Hiyo ndiyo mliyoivuna. Ardhi ya namna hii hutitia, pengine hata kuwa na tindikali, na kuongeza mbolea hakurudishi mboji iliyokwisha kuoza.

Kuhusu samaki, wavuvi wenu wanaona sawasawa. Kati ya mashina ya mafunjo maji huwa na oksijeni kidogo sana. Sangara, yule samaki mkubwa anayekula wadogo, hawezi kukaa humo, ila baadhi ya furu, samaki wadogo wa ziwani, huvumilia, na kamongo huvuta hewa juu ya maji. Katika Ziwa Nabugabo, hapo hapo Masaka, sangara alipandikizwa miaka ya 1960, na kwenye mimea ya kando ndiko furu walikopata kimbilio. Ukifyeka ukingo, unambomolea samaki mdogo ngome yake.

Zibeni mifereji kwa udongo mzito mpaka matope yabaki yamelowa wakati wote. Kateni vipande vya shina linalotambaa matopeni, kila kimoja kiwe na machipukizi mawili hivi, mkavipande umbali wa mita 1. Chipukizi lichomoze juu ya maji. Likizama lote huoza. Ng'ombe na mbuzi wasifike, maana machipukizi laini ndiyo wanayoyapenda. Anzeni upande wa ziwa: kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria.

Wasukaji wa mikeka nao wasizuiwe. Wakate mashina yaliyokomaa tu, waache machanga, na wasirudi sehemu ile ile kabla ya mwaka kwisha. Shina linapozeeka hurudisha chakula chake chini. Ukilikata changa kila mara, mzizi hudhoofika na magugu mengine huchukua nafasi. Wala wasing'oe, wala wasichome moto wakati wa kiangazi, kwa sababu mboji kavu nayo huungua.