Oda ya kukata hasara siku soko limechafuka

Unauliza kwa nini oda ya kukata hasara (agizo la kuuza hisa bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka) uliiweka 95 lakini hisa zikauzwa 91. Hakuna kilichoharibika. Bei ikigusa 95, oda hiyo inageuka kuwa ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo, na siku ya msukosuko wanunuzi wa 95 wanakuwa wameshaondoka. Ungeweka na kikomo cha bei, hisa zisingeuzwa chini ya hapo, ila ungeweza kubaki nazo huku zinaporomoka. Kwa biashara ya siku moja mbili, mimi nachagua kutoka, hata kwa bei mbaya.

Dawa hasa iko kwenye idadi ya hisa. Tuseme mtaji ni 10,000 na hutaki kupoteza zaidi ya 1%, yaani 100, kwa biashara moja. Siku tulivu unaweka oda 2 chini ya bei uliyonunulia, kwa hiyo unachukua hisa 50 (100 gawa kwa 2). Soko likichafuka, hiyo 2 ni mtikisiko wa dakika chache tu. Shusha oda iwe 5 chini ya bei uliyonunulia na uchukue hisa 20. Wengi wanashusha oda, idadi wanaiacha ileile (nilishafanya hivyo, uchungu wake naujua).

Fedha za mkopo siku hizo usiziguse. Na usitegemee kwamba utaweza kutoka muda wowote: Marekani, S&P 500 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko) ikishuka 7% kabla ya dakika 35 za mwisho za siku ya soko, biashara husimamishwa dakika 15. Machi 2020 ilitokea mara 4.