Siku ya Mashujaa isiishie kwenye televisheni

Kama una watoto wa shule ya msingi nyumbani, Julai ndiyo mwezi wa kuwafundisha kukumbuka. Sisi wa Iringa tumebahatika. Tarehe 19 Julai ndiyo aliyokufa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mwaka 1898, na tarehe 25 ni Siku ya Mashujaa kwa Tanzania nzima. Nyumbani kwangu siku hizo za katikati tumezifanya wiki ya mashujaa, na ninachoandika hapa nimekiona kikifanya kazi kwa wanangu na kwa watoto wa majirani.

Anza na hiyo hiyo televisheni, ila usiiwashe kabla hujawaeleza. Saa sita usiku wa kuamkia tarehe 25 huwashwa mwenge wa kumbukumbu. Kukicha, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka. Mtoto asiyeambiwa kitu anaona wakubwa wanapishana tu, anaomba abadilishiwe chaneli. Aliyeambiwa kwamba kwa mikuki na mishale kama ile watu wa huku walikabili bunduki za Wajerumani, tarumbeta likilia ananyamaza bila kukemewa.

Halafu watoe nje ya nyumba. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu mtoto hukumbuka mahali alipokanyaga. Kalenga si mbali na mjini, na makumbusho yake ndiyo yanayohifadhi fuvu la Mkwawa. Usiwaonyeshe fuvu na kuondoka. Wasimulie safari yake: kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita, miezi ikawa miaka, mpaka Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda kulitafuta Bremen na kulikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Waache watoto wapige hesabu wenyewe. Karibu miaka 56 tangu afe! Binti yangu aliuliza, "Sasa hao watu walikuwa wanalifanyia nini muda wote huo?" Swali kama hilo likija, usilikimbie. Mweleze kwamba kulikuwa na watu Ulaya waliokusanya mafuvu ya Waafrika na kuyapima ili wadai kuwa sisi ni watu duni. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulibeba jambo hilo, mradi analisikia kwa mzazi wake.

Mkipata nafasi nyingine, nendeni Lugalo, barabara ya kwenda Morogoro. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipouvamia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani, yule waliyemwita Nyundo, na kumuua. Mnara uliopo uliwekwa kuwakumbuka Zelewski na wenzake. Wasimamishe watoto mbele yake uwaulize: hapa anakumbukwa nani, na nani ameachwa? Maana Wahehe nao walizika watu wengi vita ile. Nawaomba sana wazazi na walimu, swali hilo liulizeni kwenye kila mnara mnaopita, hata Songea kwenye kumbukumbu za Majimaji kila Februari, wanapokumbukwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa mwaka 1906.

Lakini mashujaa si wa zamani tu. Mtaani kwenu huenda yupo mzee aliyekwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 au 1979, na hakuna anayemuuliza kitu. Sisi tunaye. Kabla ya kwenda kwake huwaandaa watoto: hatuulizi aliua wangapi. Tunauliza alikula nini, alilala wapi, alikuwa na nani. Baada ya "Shikamoo babu" na "Marahaba wajukuu zangu," mzee alikaa kimya kidogo, kisha akawasimulia habari za mwenzake wa Mufindi waliyekuwa wakijifunika naye blanketi moja. Huyo mwenzake hakurudi. Mwanangu alitaka kujua jina lake, akaliandika nyuma ya daftari la hesabu.

Kuhusu siku za wenzetu, mtu ajifunze walau mbili tatu. Uingereza na Ufaransa hukumbuka tarehe 11 Novemba, siku Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma Ulaya mwaka 1918. Huku kwetu haikukoma siku hiyo: von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri tarehe 25 Novemba, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Ndugu zangu wa Rukwa, hapo ni jirani kwenu kabisa. Na waliokufa wengi upande huu walikuwa wapagazi, waliomalizwa na magonjwa na njaa wakiwa na mizigo kichwani.

Nyingine ni tarehe 7 Aprili. Sisi tunamkumbuka Mzee Karume, aliyeuawa mwaka 1972; Wanyarwanda siku hiyo hiyo wanaanza siku mia za kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kama unasoma au unafanya kazi na Mnyarwanda, usimtumie picha ya maputo na maua ya kumtakia siku njema. Mpe pole, na kama anataka kusema, msikilize. Asipotaka, usimchimbe.

Mkienda Kalenga mwaka huu, ondokeni asubuhi ili msihangaike na usafiri wa kurudi. Watoto wavae masweta, kwa sababu mnajua wenyewe baridi ya Julai. Na kila mmoja aje na swali moja aliloandika mwenyewe, amuulize mhifadhi wa pale.