Maswali Yenu Kuhusu John Cadbury, Muuza Chai Aliyeanzisha Ukoo wa Chokoleti

Wiki iliyopita nilimweleza kwa ufupi John Cadbury, Mwingereza ambaye jina lake limeandikwa kwenye makopo ya kokoa yaliyomo katika makabati mengi ya jikoni Afrika Mashariki. Maswali yakamiminika. Nimechagua matano.

Ni kweli yeye ndiye aliyegundua chokoleti? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Watu wa Mexico na majirani zao walikunywa kokoa karne nyingi kabla yake, na chokoleti ya kutafuna ilitolewa kwanza na kampuni ya Fry ya Bristol mwaka 1847. John alizaliwa Birmingham mwaka 1801, akapelekwa Leeds kujifunza biashara ya chai, na mwaka 1824 akafungua duka mtaa wa Bull Street huko Birmingham, jirani na duka la vitambaa la baba yake. Aliuza chai na kahawa. Kokoa ilikuwa bidhaa ya pembeni, naye aliitwanga mwenyewe kwa kinu na mchi. Wateja walipoipenda, mwaka 1831 alichukua jengo la zamani la kutengenezea kimea cha pombe, mtaa wa Crooked Lane, akaanza kuizalisha kwa wingi. Kufikia 1842 orodha yake ya bei ilikuwa na aina 16 za chokoleti ya kunywa na 11 za kokoa. Sifa yake ni ya muuza duka aliyeona mapema wateja wanataka nini.

Nasikia alikuwa Quaker, kama sisi wa Kaimosi. Imani ilihusikaje na biashara? (Msomaji, Vihiga)

Ilihusika sana. Quaker ni dhehebu la Kikristo lililo nje ya Kanisa la Uingereza. Enzi hizo Oxford na Cambridge hazikuwapa shahada watu wasio wa Kanisa la Uingereza, hivyo vijana wengi wa Quaker waliishia kwenye biashara. Fry wa Bristol na Rowntree wa York, nao watengenezaji wa kokoa, walikuwa wa dhehebu hilo hilo. John hakunywa pombe. Aliona jinsi ulevi ulivyozimaliza kaya za maskini mjini kwake, akaitangaza kokoa kuwa kinywaji chenye lishe cha asubuhi. Alipigana pia na desturi ya kuwatumia watoto kupanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha.

Baba yetu ana duka na sisi watoto tumeanza kuvutana. Wana wa Cadbury waliwezaje kuendeleza la baba yao? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pole sana. Ujue kwanza kwamba walichopokea kilikuwa biashara mahututi. Mama yao, Candia, alifariki mwaka 1855 kwa kifua kikuu. Baba akawa mgonjwa, ubia wake na kaka yake Benjamin ukavunjika, na wateja wakapungua. Mwaka 1861 aliwaachia Richard, mwenye miaka 25, na George, mwenye 21. Kila mmoja aliweka pauni 4,000 alizorithi kwa mama. Candia hatajwi sana katika historia ya kampuni, nami naona hilo si haki: fedha iliyoliokoa jina la Cadbury ilikuwa ya kwake.

Vijana wale walikubaliana tangu mwanzo kwamba mtaji ukiisha watafunga duka kabla hawajadaiwa na mtu. Richard angekuwa mpima ardhi, George angekwenda kulima chai huko Himalaya. George alijinyima mpaka gazeti la asubuhi. Faida ndogo ilianza kuonekana mwaka 1864.

Ila tatizo kubwa lilikuwa ndani ya kikombe. Karibu nusu ya punje ya kokoa ni mafuta, na mafuta hayo huelea juu ya kinywaji. Ili kuyafunika, watengenezaji walichanganya wanga wa viazi, sago na vitu vingine. George alikiri baadaye kwamba katika kinywaji chao cha zamani kokoa ilikuwa sehemu moja tu kati ya tano. Uholanzi, kampuni ya Van Houten ilikuwa na njia ya kuyakamua mafuta hayo. George akasafiri huko bila kujua neno la Kiholanzi, akaelewana na mtengeneza mashine kwa ishara na kamusi, akainunua. Mwaka 1866 wakatoa Cocoa Essence, kokoa isiyochanganywa na kitu. Bunge lilipobana vyakula vilivyochakachuliwa katika miaka ya 1870, wao walikuwa tayari.

Kwa hiyo kaeni na mzee angali hai. Andikeni nani anaweka nini, na mtakubali hasara mpaka kiasi gani kabla ya kufunga. Na kama bidhaa ya baba haiuziki tena, ibadilisheni. Richard na George waliibadilisha, na hakuna aliyesema wamemkosea adabu.

Sisi wa Kyela tunavuna kokoa, tunaivundika, tunaianika. Watu hawa waliwahi kumjali mkulima? (Msomaji, Kyela)

Wafanyakazi wao wa Uingereza waliwajali. Mwaka 1879 kiwanda kilihamia Bournville, nje ya moshi wa mji, na baadaye George akajenga kijiji chenye nyumba nzuri na bustani. Kwa Mwafrika, walichelewa. Mwaka 1901 William, mjukuu wa John, aliona tangazo la shamba la kokoa linalouzwa São Tomé, kisiwa cha Afrika Magharibi kilichokuwa koloni la Ureno, na vibarua Waafrika wameorodheshwa humo kama mali. Walikuwa watu waliotolewa Angola kwa nguvu, kwa mikataba ya jina tu. Kampuni ilituma wachunguzi, ikaibembeleza Ureno, na wakati wote huo ikaendelea kununua. Ilisusa mwaka 1909, ikaelekeza manunuzi Gold Coast, Ghana ya leo, kwa wakulima wadogo. Mwaka huo huo ilishinda kesi dhidi ya gazeti lililoishutumu kwa unafiki, lakini baraza la wazee wa mahakama liliipa fidia ya robo peni. Miaka minane ni mingi mno kwa watu waliojua wanachokinunua.

Ukoo bado unaimiliki kampuni? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. John alifariki mwaka 1889, na kwa miongo mingi wanawe na wajukuu waliiongoza. Mwaka 1962 hisa ziliuzwa kwa umma, mwaka 1969 ikaungana na Schweppes, na mwaka 2010 Kraft ya Marekani ikainunua. Leo iko chini ya Mondelez, kampuni iliyotokana na Kraft hiyo.