Maswali yenu: kuizunguka Dar na kiti mwendo

Dada, nahamia Kimara, natumia kiti mwendo. Mabasi ya mwendokasi naweza kupanda?

Unaweza aisee, jukwaa la kituo liko usawa mmoja na sakafu ya basi, hamna ngazi ya kupanda. Kasheshe ni ule mwanya kati ya jukwaa na basi. Dereva akipaki vizuri unapita tu, akiacha nafasi vile vigurudumu vya mbele vinadumbukia na we unaenda na uso, mimi ilinikuta Magomeni, simu ikadondokea kule chini nikabaki naichungulia huku watu wananiruka. Tangu siku hiyo naingia kinyumenyume, matairi makubwa yanatangulia, halafu naomba mtu mmoja ashike mpini. Mmoja tu! wakija wanne kila mtu anavuta kwake. Ukishaingia funga breki kwanza ndo useme asante.

Kazini Posta naingia saa mbili, asubuhi nitatoboa?

Kimara una bahati, upo mwanzo wa njia. Wa Manzese na Magomeni saa moja asubuhi basi linawafikia limeshona, hata mwenye miguu yake anaachwa. Kama bosi anaelewa omba uingie saa nne.

Konda wa daladala anataka nilipie na kiti, ni sawa?

Kikikunjwa kikawekwa nyuma hakijachukua siti ya mtu, kwa hiyo mimi silipi, na nabisha kwa sauti abiria wasikie maana mara nyingi mama mmoja huko nyuma atanitetea. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inayokataza ubaguzi lakini mtajie konda uone anavyokuangalia. Ila Coaster lazima ubebwe mlangoni, sasa waambie wapi pa kushika kabla hawajakunyanyua kwa makwapa kama gunia.

Kutoka home hadi kituoni ni mchanga na mitaro.

Hapo bajaji tu, tafuta dereva mmoja mzoeane, kiti kinakunjwa kinakaa nyuma. Inauma, kipande hicho kifupi kinakula hela kuliko basi lenyewe. Na masika piga simu uulizie njia kwanza, Jangwani, lile bonde kati ya Magomeni na mjini, ikijaa maji mwendokasi hazipiti na utakuwa umeshamlipa wa bajaji.

Kivuko cha Kigamboni je?

Panda, watu wa pale wanasaidia. Angalia maji tu, yakiwa yamekupwa ule mteremko unakuwa mrefu, shuka kinyumenyume na mtu nyuma yako.